Hakuna Mkazi

Wenzake kazini walimwita Muhuri, na usidhani lilikuwa jina la heshima. Lilianza siku alipomrudishia mjane mmoja fomu zake mara tano kwa sababu tarehe ziliandikwa mwezi mbele, siku nyuma, na kila mara aligonga ule muhuri mwekundu wa kukataa kwa mkono uliojaa raha. Mwenye haya angelikana jina hilo. Yeye alilivaa, akatembea nalo miaka thelathini na minane katika masjala ya wakazi, na alipostaafu akaenda nalo nyumbani.

Huko mkewe alimvumilia miezi mitatu. Muhuri alikagua mikebe ya jikoni, akahesabu vijiko, akabandika ukutani orodha ya vyombo yenye sahihi yake chini. Mkewe aliibandua orodha hiyo, akaikunja mara nne, akamtilia mfukoni mwa shati.

"Mume wangu," akamwambia, "tafuta watu wengine wa kuwadharau. Sisi wa humu umetumaliza."

Akatafuta, na hakwenda mbali. Mjini wakati huo matajiri wapya walikuwa wameshikwa na homa ya kununua nyumba kuukuu. Wakishapaka rangi na kubadili milango wanagundua kwamba hawajui lolote juu ya nyumba yenyewe, na mgeni akiuliza nani aliishi hapa, mwenye nyumba anabaki kukodoa macho. Muhuri akajitangaza kuwa mtafiti wa nyumba. Alijua daftari gani liko kabati gani, alijua kusoma miandiko ya makarani waliokwisha kufa, na zaidi ya yote alijua kwamba watu ni waongo. Mmoja alitaka sana kuambiwa kwamba sebuleni kwake aliwahi kukaa jaji. Muhuri akamkabidhi karatasi tatu zinazothibitisha kwamba sebule ile ilikuwa zizi la punda wa mikokoteni, akarudi nyumbani akipiga mluzi njia nzima. Ndizo furaha zake hizo, na alizipata mara nyingi kuliko anavyostahili.

Kazi ninayoisimulia aliletewa na muuza vigae. Huyu alikuwa bwana wa maneno mengi na marashi mengi, na alikuwa amenunua jumba kubwa kutoka kwa warithi ambao hata geti lake hawakulijua. Nyuma ya jumba, mwisho wa ua, palikuwa na kijumba cha kale cha vyumba viwili, chenye kibaraza cha ngazi tatu, dirisha la mbao na paa lililoota kuvu. Muuza vigae alitaka kukifanya malazi ya wageni.

"Nataka historia yake yote," alimwambia Muhuri. "Nani alikijenga, nani alilala humo. Nitaiweka kwenye fremu juu ya kitanda. Wageni wanapenda mambo hayo. Halafu kuna jambo jingine dogo."

Jambo dogo lilikuwa mwanamke anayeishi humo.

Alikuwa fundi cherehani wa miaka sitini na kitu, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Alisema alizaliwa katika kijumba kile, mama yake alikuwa mfua nguo wa jumba kubwa, na yeye hajawahi kuwa na kwao kwingine. Sheria ya mji huo ilikuwa wazi. Mtu aliyewekwa na mwenye nyumba, akakaa miaka arobaini bila kukatiza, hatolewi mpaka afe. Lakini akiwa aliondoka, kisha akarudi kivyake, huyo ni mvamizi, na mvamizi hupewa siku thelathini afunge virago. Baraza la nyumba lilipangwa kukaa baada ya wiki tatu. Majirani waliomjua mama yake walikuwa wamekufa au wamehama, mwenye jumba wa zamani naye alikwisha kuzikwa, kwa hiyo kilichobaki ni kumbukumbu za masjala. Ripoti ya Muhuri ndiyo ingeamua kama Fundi anabaki kwake au anatoka na cherehani kichwani.

Mtu mwingine angelala akiliwaza hilo. Muhuri alilala fofofo.

Siku ya kwanza alikwenda kumhoji. Alimkuta kwenye cherehani ya kukanyaga, futi ya kupimia shingoni, sare za shule zimerundikana mezani zikingoja vifungo. Chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba mlango ukifunguka unagonga kitanda. Muhuri alikitazama kama anavyotazama fomu iliyojazwa vibaya. Fundi aliinua uso, akamwangalia kitambo kirefu juu ya miwani, wala hakumkaribisha kiti.

"Una karatasi yoyote, mama?" Muhuri akauliza.

"Karatasi za nini?"

"Za kuonyesha kwamba umekaa hapa."

"Si unaniona nimekaa?"

"Nakuona leo. Sikukuona miaka arobaini iliyopita."

"Hapo umesema kweli," akasema Fundi. "Hukuniona." Akarudisha mguu kwenye pedali na cherehani ikaanza kuunguruma, maana yake mazungumzo yamekwisha.

Muhuri alitoka akicheka kimoyomoyo. Wote husema wamezaliwa hapo! Katika kazi yake hajakutana na mpangaji aliyezaliwa hospitali. Wakiona ukuta wa zamani wanaukumbatia, wanajizulia mama na bibi, wanatia chumvi, halafu wakiulizwa karatasi wanageuka wakali. Aliyasema hayo yote mezani kwa mkewe, akila kwa hamu.

"Na asipokuwemo kwenye karatasi zako, atakwenda wapi?" mkewe akauliza.

"Hilo halimo kwenye daftari."

"Nilijua utasema hivyo," mkewe akasema, akamwondolea sahani kabla hajamaliza.

Katika masjala kulikuwa na binti mmoja aliyepewa chumba cha kumbukumbu za zamani, na Muhuri hakumpenda hata chembe, kwa sababu alivaa raba kazini na alikuwa akicheka na wateja. Alimwagiza madaftari makubwa ya hesabu ya wakazi, ile iliyofanywa kila baada ya miaka kumi, karani akienda nyumba hadi nyumba na kuandika nani anaishi wapi. Binti akayaleta kwenye toroli, vumbi na yote.

Habari ya kijumba ikapatikana asubuhi moja tu. Katika hesabu ya zamani kabisa waliandikwa watu wawili, mfua nguo na binti yake wa miaka tisa. Muhuri alikunja uso. Kumbe mama hakuwa wa kuzua. Lakini katika hesabu iliyofuata, miaka kumi baadaye, mbele ya kijumba paliandikwa maneno mawili: HAKUNA MKAZI. Na baada ya hapo kijumba hakikutajwa tena, kwa maana jengo lisilo na mkazi hufutwa kwenye orodha, na karani wa hesabu inayokuja hana sababu ya kulifikia.

"Nimemshika," Muhuri akasema kwa sauti. Waliondoka, mama na mwana, wakaenda zao wanakokujua. Miaka ikapita, mwenye jumba akazeeka, ua ukaota majani, na yule binti wa mfua nguo akajipenyeza usiku na cherehani yake. Hadithi safi, haina tundu. Aliandika rasimu ya ripoti siku hiyo hiyo, akatumia neno "kinyemela" mara mbili, kwa sababu lilimpendeza.

Muuza vigae aliposomewa alifurahi hata akampiga Muhuri begani, jambo ambalo Muhuri hulichukia. Lakini baraza halikubali daftari peke yake. Daftari ni nakala; linanakiliwa ofisini na mtu ambaye hakufika kwenye nyumba yoyote. Baraza linataka kadi yenyewe, ile aliyokwenda nayo karani mlangoni. Basi Muhuri akarudi masjala kutafuta kadi, akiwa na moyo mweupe kabisa.

Hapa inabidi nieleze kanuni ya ziara tatu, kwa sababu Muhuri mwenyewe aliieleza kila penye watu zaidi ya wawili. Karani akikuta jengo limefungwa au kimya, haruhusiwi kuandika kwamba halina mkazi mpaka arudi mara tatu, siku tatu tofauti, na kila ziara aiandike kwenye kadi palepale. Kazi ya kuchosha hiyo. Kwa hiyo wavivu walikuwa wakienda mara moja, au wasiende kabisa, halafu wanakaa kantini na chai wanaandika ziara zote tatu kwa mkupuo. Miaka ya nyuma Muhuri, akiwa karani mkuu, alimnasa mwenzake mmoja kwa kosa hilo. Akampeleka kwa mkubwa na kadi mkononi. Mwenzake alifukuzwa, amebakiza miezi mitano apate kiinua mgongo. Aliomba, akamshika Muhuri mikono miwili mbele ya ofisi nzima, na Muhuri akamwambia ampishe, ana kazi. Kisa hicho alikisimulia kwenye harusi, kwenye misiba, hata kwenye foleni ya kinyozi.

Kadi ilikuwa kwenye sanduku la mwisho. Kadi ya kahawia, imeandikwa kwa herufi kubwa za chapa kama kanuni ilivyotaka, ili mwandiko wa kila karani usomeke sawa na wa mwenzake. Muhuri aliishika chini kwa kidole gumba, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na uso ukamng'aa.

"Binti!" akaita. "Hebu njoo ujifunze kitu."

Binti akaja.

"Tazama ziara hizi tatu. Wino ni uleule. Kalamu imekwaruza palepale kwenye kila mstari. Mtu aliyekwenda siku tatu atakuwa na wino uleule na mkwaruzo uleule? Na angalia tarehe ya pili." Alihesabu kwa vidole, akirudi nyuma miaka yote hiyo, maana kuhesabu siku za zamani ndiko kulikokuwa kujigamba kwake. "Jumapili! Ofisi imefungwa! Huyu mvivu hakukanyaga hata ngazi ya kile kijumba. Alikaa mahali akanywa chai. Watu wa namna hii ndio waliotuharibia masjala, na mimi nilipowapata, sikuwaacha."

Binti aliinama akaitazama kadi vizuri.

"Sasa mzee," akasema, "na hii sahihi iliyo chini ya kidole chako ni ya nani?"

Muhuri akaondoa kidole.

Ningependa kusema alianguka chini, maana angestahili, lakini alisimama tu. Sahihi ilikuwa yake. Ile sahihi ya ujanani, yenye mkia mrefu, kabla hajapandishwa cheo na kuifupisha. Alikuwa na miaka ishirini na minne wakati huo. Alijaribu kuikumbuka siku yenyewe, geti lenyewe, akatafuta kichwani kila kona, hakupata kitu. Hilo ndilo lililomtoa jasho. Hakuwa hata na kumbukumbu ya kosa lake. Lilikuwa jambo dogo kiasi hicho.

Binti hakucheka. Aliichukua kadi kwa ncha za vidole, akamuuliza, "Nikutolee fotokopi, mzee?" na sauti yake ilikuwa na adabu ya aina ambayo Muhuri aliifahamu vizuri, kwa sababu aliitumia mwenyewe kwa watu aliowadharau.

Alikwenda kwa muuza vigae akamweleza kwamba ushahidi umekuwa na utata. Hakusema utata wa nani.

"Sasa shida iko wapi?" muuza vigae akasema. "Wewe andika lililomo kwenye daftari. Hiyo kadi nani ataifukua? Sema imeliwa na mchwa. Mzee mzima unajua mambo haya."

Siku mbili Muhuri aliliwaza hilo la mchwa. Usimpambe kwa wema, wema haukuwepo. Alimwogopa binti wa raba, ambaye sasa alikuwa anajua. Tena alikuwa na kiburi chake cha kazi, na kiburi hicho hakikuweza kumeza kadi ya uongo kubaki ikiitwa ya kweli, hata kama mwongo ni yeye. Na katikati ya hayo, kwa mara ya kwanza, uso wa yule mwenzake aliyefukuzwa ulikuwa ukimjia kila akiketi kula. Mkewe aliona ameacha chakula mara mbili, akamuuliza, akaambiwa yote.

"Miaka yote hiyo ulikuwa ukitupigia kelele sisi," akasema.

Akafunika chakula, akaondoka mezani.

Akaiandika ripoti upya. Aliandika kwamba kutokana na hitilafu ya kiofisi iliyojitokeza wakati wa hesabu, kijumba hakikuorodheshwa ipasavyo, na hivyo hakuna ushahidi kwamba wakazi wake waliwahi kuondoka. Sentensi nzuri, imenyooka, haina mtu ndani yake. Akaichukua mchana akaenda nayo kwa Fundi, akitegemea, jamani, kushukuriwa.

Fundi aliisoma polepole, miwani puani. Alipomaliza akaurudia mstari wa kati.

"Hitilafu ilijitokeza," akasoma. "Ilijitokeza wapi?"

"Ni lugha ya ofisi, mama."

"Hitilafu haina miguu. Haiwezi kusimama getini." Akaiweka karatasi juu ya sare. "Aliyesimama getini ni wewe. Nilikuwa naanika mashuka hapo uani, nina miaka kumi na tisa. Mpishi wa jumba kubwa alikwambia kuna watu huku nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha, ua wote tope. Ukamwambia huwezi kuchafua viatu kwa ajili ya wafua nguo. Ukageuka."

Muhuri akatazama viatu vyake.

"Ulipoingia hapa juzi nilikujua kabla hujamaliza kusalimu. Sauti yako haijabadilika."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, na wewe ulishaniita mwongo kabla sijafungua mdomo? Ningesema, ungetafuta muhuri wako." Kumbe jina hilo lilikuwa limefika hata huku. "Nilitaka uzisome karatasi zako mwenyewe, unazozipenda. Haya, andika. Weka mtu."

Hapakuwa na meza tupu, wala hakupewa kiti. Muhuri alikaa kwenye ngazi za kibaraza, karatasi gotini, akaandika kwamba mimi, karani wa masjala, nilifika getini mara moja, nikaambiwa kuna watu, nikakataa kuingia, kisha nikaandika ziara tatu nilizozizua. Fundi alisimama nyuma yake akisoma kila neno linavyotoka.

"Sasa andika tuliokuwemo siku hiyo," akasema.

Muhuri akaandika jina la mama, akaandika jina la Fundi. Ilimbidi aulize yote mawili; daftarini aliyapita majina akitafuta idadi tu, na wiki zote hizo alikuwa hajamuuliza anaitwa nani. Akapiga mstari chini kufunga orodha.

"Usifunge. Kuna mwingine."

"Mwingine nani? Kwenye daftari mlikuwa wawili."

"Hiyo ya kwanza tulikuwa wawili. Hiyo ya kwako tulikuwa watatu. Mdogo wangu wa kike, alikuwa ametimiza mwaka na miezi miwili. Mama alimzalia chumbani humo, hakuchukuliwa cheti cha kuzaliwa. Alikaa nasi miaka minne, surua ikamchukua. Hesabu nyingine ilipokuja tulikuwa tumeshamzika." Aliongea kwa uso mkavu, kama mtu anayetaja vipimo vya mteja. "Mama alipofariki nilikwenda masjala kwenu. Nilitaka nilione jina lake tu, limeandikwa mahali. Wakafungua, wakaniambia mtu huyo hakuwahi kuwepo."

Muhuri hakuinua kichwa. Alihesabu, kwa sababu kuhesabu ndiko pekee alikokujua. Miaka minne ya mtoto, na katika miaka hiyo minne mji mzima ulituma mtu mmoja tu, mara moja, kuja kuandika kwamba yupo.

"Nisamehe, mama," akasema.

"Hilo si la kuandikwa hapo. Andika jina."

Akamtajia. Muhuri akaliandika kwa herufi kubwa za chapa, taratibu, akauliza kama amelipatia, akaambiwa ndiyo. Akaandika umri. Akatia sahihi. Fundi akaichukua karatasi, akaipuliza wino ukauke, akasimama mlangoni akilitazama lile jina kwa muda mrefu, na mdomo wake ulikuwa ukilisema bila sauti.

"Alikuwa analia siku hiyo," akasema hatimaye. "Meno yalikuwa yakimuota. Ungevuka ua tu, ungemsikia."